Mchepuko Mdogo Kabisa

Mche wetu haukutoka bohari ya wizara.
Fundi Shekuwe wa Barabara ya Kumi na Mbili
alikata vipande vitatu vya kioo cha dirisha,
nikavigandisha kwa gundi ya matangi ya samaki,
sitini, sitini, sitini,
nikauacha usiku kucha juu ya gazeti.
Asubuhi ulikuwa unavuja kidogo.
Bado unavuja. Tunaweka kisahani.

Hapa Tanga ukisema mwanga
kuna atakayeuliza: wa mchana au wa usiku?
Nami nilipoandika ubaoni MCHEPUKO
Kidato cha Tano kiliangua kicheko
hadi mkuu wa shule akachungulia.
Nikawaacha wacheke. Kisha nikasema,
huu hauna nyumba ya pili, hauombi vocha.
Mwanga unaingia kwenye maji, mwendo unapungua, unapinda;
unatoka, unapinda tena.
Zungusheni mche taratibu.
Nukta nyekundu itatembea ukutani
halafu itarudi, kama mtu aliyesahau ufunguo.
Pale inapogeukia, pale pale, tieni alama.
Andikeni mnachokiona,
si mnachokitaka.

Mdomo wangu huu.

Maji ya bomba: ishirini na tatu na nusu.
Maji ya majaruba ya chumvi, yale mazito
yanayoacha ukoko mweupe kwenye kidole: ishirini na sita.
Mafuta ya nazi ya Bi Mwanashehe
yaliigeuza maabara jiko,
watu wakaanza kuulizana saa ya kula;
thelathini na tatu kasoro kidogo.
Mwajabu, ambaye hesabu humtoa machozi,
alishika penseli ukutani bila kupumua
na alipotia alama akaniangalia
kana kwamba yeye ndiye aliyeupinda.

Halafu asali. Chupa mbili.
Moja Singano aliitoa kwa bibi yake, Handeni,
ina bawa la nyuki ndani na harufu ya moshi.
Ilishuka kwenye mche kwa madaha, dakika nne nzima.
Thelathini na sita.

Ya pili ilinunuliwa Ngamiani.
ASALI MBICHI HALISI, kwa kalamu ya wino mzito,
na hiyo H yenye miguu ya mbuzi naijua
tangu ilipokuwa ikiandikwa kwa mkaa
ukutani mwa nyumba yetu, tukachapwa wote wawili.
Kaka Zahoro.
Ilimiminika upesi mno.
Nukta ikatembea, ikasita, ikageuka.
Thelathini na mbili.

Pimeni tena, nikasema.
Wakapima. Nikasema tena.
Mara ya tatu Singano akauliza kwa upole,
"Mwalimu, au ni gundi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Gundi, joto,
mkono uliotikisika, kioo cha dirisha si kioo cha maabara.
Wangeniamini. Ada yangu ya chuo, mihula sita,
ilitoka kwenye chupa hizo, moja baada ya moja,
zimefungwa kwa gunzi la hindi,
zimebebwa kwa baiskeli hadi Pongwe na kurudi.
Sikuwahi kuuliza zilikuwa na nini ndani.
Nilikula, nikasoma, nikafunzwa kupima.

Kisahani kilikuwa kimejaa. Nikakimwaga.
"Andika," nikamwambia. "Thelathini na mbili."

Jioni Zahoro alipita nyumbani na mkungu wa ndizi.
Nikampa chai ya rangi kwenye glasi.
Kijiko kilikaa humo kimevunjika kiunoni
kama vijiko vyote duniani.
"Umenuna nini?"
"Sijanuna." Nikamenya ndizi, sikuila.
"Kaka, sukari unanunua kilo ngapi kwa wiki?"

Akakoroga, ingawa ilikwisha koleka.
Akakitoa kijiko, kizima,
akakitazama muda mrefu
upande huu,
na upande ule.